Mwalimu mpya Lubumbashi: unachodaiwa shuleni, tangu barua ya kazi hadi siku ya proklamasio, siku ya kusoma matokeo

Enspektere (mkaguzi wa shule) anayeijua kazi yake akiingia darasani haanzi na meza ya mwalimu. Anakwenda benchi la nyuma, anaomba daftari la mtoto asiyejitokeza sana, anatazama tarehe ya somo la mwisho na kichwa chake. Ndipo anakuja kwako: "Mwalimu, nionyeshe fishi ya tarehe hii." Kama daftari la mtoto, fishi yako ya maandalizi ya somo, jurnali ya darasa (daftari la masomo ya kila siku) na mpango wa mwaka vinasema jambo moja, hana mengi ya kukuuliza. Kama kila kimoja kina habari yake, hata ukijieleza kwa Kifaransa cha chuo kikuu hutoki.

Walimu wapya wengi hudhani majukumu ya shuleni ni orodha isiyo na mwisho: rejista, saa, mavazi, mikutano, pointi, wazazi. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ni mnyororo mmoja: ulichopanga, ulichoandaa, ulichofundisha, mtoto alichobaki nacho, pointi ulizompa. Utakapokatika, hapo ndipo utakapoulizwa. Yanayobaki nje ya mnyororo ni mawili, namna unavyomtendea mtoto na namna unavyoshika pesa, na hayo ndiyo yanayofukuzisha watu kazi.

Kabla ya kushika chaki

Jua kwanza unamtumikia nani. Shule zetu ni za aina tatu: za serikali moja kwa moja, za makanisa na dini zenye mkataba na serikali, tunazoziita konvansione, na za watu binafsi. Mwaka 1974 serikali ya Zaire, yaani Kongo ya leo, ilizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977 ikatia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi. Ndiyo sababu mwalimu wa shule ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti hapa mjini hutegemea mshahara wa serikali na kufuata programu ya taifa, lakini barua yake hupitia ofisi ya uratibu ya kanisa. Kwenye shule ya serikali, barua hupitia ofisi ya elimu ya mkoa na matawi yake. Kwenye shule binafsi bosi wako ni promotere, mwenye shule, na kinachokulinda ni mkataba ulioandikwa kufuatana na sheria ya kazi ya mwaka 2002. Usipoandikiwa mkataba, huna cha kushika siku mambo yatakapoharibika.

Kwa shule za aina mbili za kwanza, swali kubwa ni namba ya matrikule, yaani namba yako kwenye orodha ya malipo ya serikali. Udhibiti wa malipo ya walimu ulikuwa mikononi mwa idara ya serikali iitwayo SECOPE. Siku hizi ni DINACOPE. Mwalimu asiye kwenye orodha zao anaitwa NU, na anaweza kufundisha muda mrefu bila mshahara wa serikali. Direktere (mkuu wa shule) mwungwana atakwambia mapema kama nafasi unayopewa ina matrikule au haina. Asipokwambia, muulize bila haya: nafasi hii inalipwa na nani, tangu lini, na mtu aliyekuwa hapa mbele yangu amekwenda wapi? Swali la mwisho ndilo lenye majibu mengi.

Ukikubali, hakikisha una barua ya kupangiwa kazi na karatasi ya kuthibitisha siku uliyoanza, yenye sahihi na muhuri. Tengeneza nakala mbili za kila kitu pamoja na diplomu, moja ikae nyumbani kwa mtu unayemwamini. Maji ya mvua yameshaozesha faili nyingi ndani ya makabati ya shule.

Halafu omba kanuni za ndani za shule, uzisome siku hiyo hiyo. Humo utakuta saa ya kufika, mavazi, utaratibu wa kuomba ruhusa, na nani anaruhusiwa kumfukuza mtoto darasani. Katika shule nyingi za sekondari mwalimu hana haki ya kumrudisha mwanafunzi nyumbani; anampeleka kwa direktere wa nidhamu, na uamuzi mkubwa ni wa prefe, mkuu wa sekondari. Mwalimu asiyelijua hili hujikuta amegombana na mzazi kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake.

Mpango wa mwaka: siku mbili zinazookoa miezi kumi

Wiki ya mwisho ya Agosti, kabla ya watoto kuingia mwanzoni mwa Septemba, chukua vitu vitatu: programu ya taifa ya darasa lako, kalenda ya shule ya mwaka huo, na horere, yaani ratiba ya wiki. Bila vyote vitatu usianze kuandika.

Hesabu kwanza wiki za kweli. Toa likizo za Krismasi na Pasaka, toa wiki za mitihani, toa sikukuu, pamoja na 30 Aprili ambayo ni siku ya elimu nchini. Zinazobaki, zidisha kwa saa unazopewa kwa wiki. Mwalimu wa hesabu mwenye saa tano na wiki 30 ana saa 150 kwenye karatasi. Usizijaze zote. Acha kama moja kwa kumi kwa marudio, masahihisho ya enterogasio (majaribio mafupi) na siku za mvua. Hapa kwetu mvua kubwa ya asubuhi kati ya Desemba na Machi inaweza kupunguza darasa hadi nusu, na anayepanga somo zito kila siku ya Januari kama kwamba anga halimhusu atachelewa tu.

Kisha gawanya programu kwa wiki. Angalia pia ni muhula gani unajaza: shule ya msingi ina trimesta tatu, sekondari ina semesta mbili zenye vipindi viwili kila moja. Masomo yatakayoulizwa kwenye mtihani wa Desemba au Januari yawe yamekwisha wiki moja kabla. Mpango huo peleka kwa direktere ausaini. Sahihi hiyo ni kinga yako: siku mtu akikuuliza kwa nini hujafika kwenye sehemu fulani, unamwonyesha kwamba shule iliukubali mwendo huo.

Kama una darasa la sita la msingi, fahamu kwamba mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa ambao wengi bado tunauita TENAFEP. Darasa la nane lina mtihani wake wa taifa, TENASOSP. Na mwisho wa sekondari ndiyo Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza shule. Kwenye madarasa hayo programu lazima iishe mapema zaidi. Lakini sikubaliani na shule zinazogeuza mwaka mzima kuwa mazoezi ya kuchagua jibu moja kati ya matano. Mtoto anayejua kukisia vizuri ataonekana darasa linalofuata.

Fishi: hapa ndipo kazi inapofanyika

Fishi ya maandalizi inaandikwa usiku au mchana wa jana, kamwe si asubuhi ukiwa umesimama mlangoni. Juu unaweka shule, darasa, tarehe, somo na tawi lake, kichwa cha somo la siku, lengo, vifaa, kitabu na ukurasa. Chini unagawa karatasi: upande mmoja kazi ya mwalimu, upande wa pili kazi ya wanafunzi. Mtiririko tunaoufahamu wote: marudio, motisha, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari, zoezi la mwisho. Wengi wanaujua kwa kichwa na wanaunakili kama sala, ndiyo maana nataka tupitie fishi moja polepole.

Darasa la nne la msingi, hesabu, eneo la mstatili.

Lengo baya ni hili: "Mwanafunzi ataelewa eneo la mstatili." Utajuaje kama ameelewa? Lengo zuri linataja kitendo unachoweza kukiona: "Mwisho wa somo, mwanafunzi ataweza kupima urefu na upana wa dawati kwa mita ya fundi cherehani na kukokotoa eneo lake kwa sentimita za mraba." Vifaa: mita mbili au tatu za fundi cherehani, ambazo hupatikana soko lolote hapa mjini, na karatasi yenye miraba ya daftari.

Marudio yawe yanayohitajika kwa somo hilo tu: 6 × 4, 12 × 4, 120 × 40. Dakika tano. Usirudie somo la jana kama halihusiani.

Motisha iwe swali la kweli: "Direktere anataka kufunika dawati hili kwa plastiki. Anunue kiasi gani?" Watoto watajibu "mita moja", "mbili", waache. Sasa wameona kwamba hawajui.

Uchambuzi ndio moyo. Usianze na kanuni. Waambie wachore kwenye daftari mstatili wenye miraba sita kwa urefu na minne kwa upana, wahesabu miraba yote. Ishirini na nne. Kisha uliza nani anaweza kuipata bila kuhesabu mmoja mmoja. Daima kuna mtoto atakayesema "sita mara nne", na ni bora iseme sauti yake kuliko yako. Ndipo wawili wapime dawati mbele ya wenzao: 120 kwa 40. Wote wanakokotoa: 4.800.

Muhtasari waseme wao, wewe uandike ubaoni, wao wanakili. Hiki ndicho kitakachobaki kwenye daftari, kwa hiyo kiwe kifupi na sahihi, chenye tarehe na kichwa kilekile kilicho kwenye jurnali.

Zoezi la mwisho lifichue wasioshika. Ukiwapa mstatili wa 5 kwa 3 wote watapata na utafurahi bure. Wape mlango wa darasa: mita 2 kwa sentimita 80. Watakaoandika 160 hawakubadili vipimo. Jibu ni 16.000, kwa sababu mita 2 ni sentimita 200. Pita kati ya mabenchi, hesabu kwa macho. Kama theluthi ya darasa imeandika 160, basi marudio ya kesho yamekwisha jiandika yenyewe. Fishi ya kesho inazaliwa kwenye makosa ya leo. Ndiyo maana fishi za mwaka jana zinazobadilishwa tarehe tu hujulikana haraka: hazijibu chochote ambacho watoto hawa walikosea.

Jurnali ya darasa ni fupi kuliko fishi: saa, somo, kichwa, mazoezi, na nafasi ya maoni. Inajazwa kabla ya masomo, direktere anaweka sahihi. Nafasi ya maoni ndiyo walimu wanaiogopa. Somo lisipofanyika, andika: "Halikufanyika, mvua" au "Mkutano wa wazazi", na uonyeshe limehamishiwa lini. Jurnali isiyo na somo hata moja lililokosa kufanyika mwaka mzima haimdanganyi mtu yeyote aliyewahi kufundisha mjini hapa.

Saa na rejista

Watoto wakiimba wimbo wa taifa mbele ya bendera, mwalimu awe amesimama nao na si anashuka kwenye teksi. Shule nyingi huanza saa moja na nusu asubuhi. Fika robo saa kabla, ufute ubao, uandike tarehe. Wenye zamu ya mchana wana taabu yao: wanakuta darasa lina vumbi na joto, hasa Oktoba ambayo ndiyo kali kuliko yote. Kama ratiba inakuruhusu, weka hesabu na kusoma saa ya kwanza, uache kuchora na kuimba kwa saa ambayo watoto wanasinzia.

Rejista ya mahudhurio ijazwe kila siku asubuhi, kwa kuita majina, si kwa kuangalia na kukadiria. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo bila habari, usingoje mwisho wa mwezi; tuma ujumbe kwa mzazi, mwambie direktere. Nyuma ya alama hizo za kutohudhuria huwa kuna ugonjwa, kuhama, mtoto aliyepelekwa kuuza sokoni, au aliyefuata kaka zake kwenye migodi ya kuchimba kwa mikono. Mapema unaweza kumrudisha, na baada ya mwezi inakuwa vigumu sana.

Wewe mwenyewe ukiumwa, omba ruhusa kwa maandishi na upeleke fishi za siku hiyo kwa mwenzako au direktere. Kupiga simu saa mbili kasoro kusema "sitakuja" ni kuwaacha watoto uwanjani.

Darasa la watoto themanini

Tangu elimu ya msingi ya shule za umma ilipofanywa bure Septemba 2019, madarasa yamejaa. Hakuna mbinu itakayofanya themanini wawe arobaini, lakini kuna zinazosaidia. Vibao vya kuandikia kwa chaki ni dawa ya zamani isiyozeeka: unauliza, unagonga meza mara moja wanaandika, mara ya pili wanainua vibao, kwa sekunde kumi umeona majibu yote. Kibao kinaweza kuwa kipande cha ubao wa mbao kilichopakwa rangi nyeusi. Pili, badilisha benchi za mbele kila wiki, la sivyo utafundisha watoto ishirini tu mwaka mzima. Tatu, daftari sahihisha kwa zamu, safu moja kwa siku, ili ndani ya wiki uwe umepitia zote. Tiki bila kusoma ni mbaya kuliko kutosahihisha, kwa maana mzazi anaona tiki juu ya kosa na anajua.

Kuhusu lugha: madarasa ya kwanza na ya pili yanapaswa kufundishwa kwa lugha ya taifa ya eneo, na kwetu ni Kiswahili, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Shule nyingi za mjini, hasa binafsi, zinarukia Kifaransa tangu siku ya kwanza kwa sababu wazazi wanakipenda. Mimi nasema fuata programu. Mtoto wa Katuba au Kenya, komini za mji wetu, anayejifunza kusoma kwa maneno anayoyasikia nyumbani hushika herufi haraka zaidi kuliko yule anayekariri "papa fume la pipe". Kumpiga marufuku mtoto wa miaka sita asiongee Kiswahili uwanjani hakumfundishi Kifaransa, kunamfundisha kunyamaza.

Pointi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo jina la mwalimu linapoharibika.

Pointi za kipindi zinatokana na kazi zilizofanyika, zilizosahihishwa na kurudishwa. Tuseme kozi yako ya sekondari ina upeo wa 20 kwa kipindi. Ndani ya kipindi umetoa enterogasio mbili za 10, moja ya 20 na kazi ya nyumbani ya 10; jumla 50. Mwanafunzi amepata 6, 4, 13 na 7, yaani 30 kwa 50. Unageuza: 30 gawa kwa 50 mara 20, ni 12. Hiyo 12 ndiyo inayoingia kwenye buletini, ripoti ya mwanafunzi. Mtihani una uzito mara mbili ya kipindi, kwa hiyo upeo wake ni 40. Akipata 11 kipindi cha kwanza, 13 cha pili na 21 mtihanini, semesta yake ni 45 kwa 80, asilimia 56. Chini ya nusu inaandikwa kwa wino mwekundu, na mtoto ataiona rangi hiyo kabla ya kuona namba.

Sasa utaratibu. Andika pointi kwenye daftari la pointi siku unayosahihisha, si mwisho wa kipindi. Rudisha kopi (karatasi za majibu) ndani ya wiki moja na usahihishe maswali ubaoni, uwape nafasi ya kudai: "Mwalimu, hapa umenihesabia vibaya." Ukikuta umekosea jumla, badilisha mbele ya darasa bila kununa. Kabla ya kupeleka pointi kwa titulere, mwalimu msimamizi wa darasa, mwombe mwenzako akusomee namba kwa sauti wewe ukifuata kwa kidole. Makosa mengi ya buletini ni ya kunakili, mtu amepewa pointi za jirani yake kwenye orodha.

Kutoa enterogasio moja tu kwa kipindi ni uvivu. Mtoto aliyeumwa siku hiyo amekwisha. Na kukata pointi za hesabu kwa sababu mtoto alipiga kelele ni kosa: buletini ina mahali pake pa mwenendo, kelele ziende huko.

Kuuza pointi, kwa pesa, kwa kuku, kwa kulazimisha wanafunzi wanunue silabusi yako ndipo wapite, au kwa mwili wa msichana, ni mwisho. Kila shule ina hadithi zake na hakuna anayeshangaa tena, jambo ambalo ndilo baya zaidi. Kinga yako ni karatasi: mwalimu mwenye kopi zilizorudishwa na daftari la pointi lenye tarehe hana cha kuuza, na mzazi akija na bahasha unaweza kumfungulia daftari badala ya kubishana.

Mtoto hapigwi, mtoto haguswi

Sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inataka nidhamu shuleni itolewe kwa utu. Fimbo, kupiga magoti kwenye changarawe, kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake, vyote vinagongana na sheria hiyo. Najua utaambiwa na mzazi mwenyewe, "Mwalimu, umupige tu." Idhini yake haikulindi mtoto akiumia. Chagua adhabu inayorudi kwenye kazi: arudie zoezi wakati wa mapumziko, afute ubao wiki nzima, mzazi aitwe. Na usimtume mtoto kukuchotea maji au kukununulia vocha ya simu wakati wa masomo.

Kuhusu mambo ya ngono hakuna mjadala wa mapenzi. Kwa sheria ya 20 Julai 2006, mwenye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Ni ubakaji, na cheo cha ualimu kinaongeza uzito wa adhabu. Usifundishe mtoto mmoja peke yake kwenye chumba kilichofungwa, usimwandikie ujumbe wa usiku, usimpe lifti peke yake.

Mtoto akikueleza kwamba ametendewa ubaya, na mtu yeyote, hata mwalimu mwenzako:

1. Msikilize bila kumkatiza wala kumhoji kama polisi. Usimwahidi kwamba utaficha siri. Mwambie utawaambia tu wale wanaoweza kumsaidia.
2. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa.
3. Siku hiyo hiyo mjulishe mkuu wa shule. Kama mtuhumiwa ni yeye, nenda kwa ofisi iliyo juu yake.
4. Mtoto afikishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa baada ya hapo dawa za kuzuia VVU hazifai tena.
5. Familia ipelekwe polisi inayoshughulikia ulinzi wa watoto.

Utasikia sauti za "tumalize kifamilia", mbuzi na pesa. Sheria ya 2006 inasema wazi kwamba faini iliyolipwa haizimi kesi ya aina hii. Usikae kwenye kikao hicho kama shahidi.

Pesa

Usishike pesa za shule. Minervali, yaani ada, na michango ina mpokezi wake, na risiti ni haki ya mzazi. Katika shule za umma za msingi, masomo ni bure na mtoto hafukuzwi kwa ajili ya malipo. Katika sekondari, kiwango kinapangwa na gavana wa jimbo. Mtoto akikuletea pesa darasani, mpeleke kwa mpokezi, usiziweke kwenye droo "hadi mchana".

Najua mishahara inachelewa na ni midogo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba walimu kwa primu, yaani michango ya kuongezea mshahara, na katika shule za msingi za umma ilikuwa hivyo hadi elimu ilipofanywa bure 2019. Dai haki yako kwa sendika, chama cha wafanyakazi, na kwa barua. Mgomo ukitangazwa, mjulishe direktere na wazazi mapema, na siku ya kurudi uandike upya mpango wa mwaka, uusainishe tena. Kujifidia kwa kuchukua pesa za siri kwa watoto ni jambo jingine kabisa.

Wazazi

Mpokee mzazi ukiwa umesimama, "Karibu Mama", "Karibu Baba", umpe kiti, hata amekuja na hasira. Akikuuliza, "Mwalimu, mutoto wangu anafeli juu ya nini?" usimjibu "ni mvivu". Fungua daftari la mtoto na daftari la pointi, umwonyeshe mahali: hapa, kuanzia Novemba, hakufanya kazi nne za nyumbani. Mwulize mtoto anasoma saa ngapi nyumbani na kama kuna umeme. Hudhuria pia mikutano ya komite ya wazazi. Pesa zinazotengeneza paa la darasa lako huamuliwa hapo.

Ziara darasani

Direktere au enspektere akiingia, watoto wasimame wamsalimie, wewe umpe kiti nyuma na uweke mezani mpango, fishi, jurnali, rejista na daftari la pointi. Endelea na somo ulilokuwa nalo. Wengine hubadilisha ghafla, wanafundisha lile wanalolijua vizuri. Watoto hucheka na mgeni anaelewa. Mwishoni mtakaa pamoja, atakueleza alichoona, nawe utasaini. Ukiona amekosea, andika maoni yako kwa adabu juu ya sahihi. Mapendekezo yake nakili kwenye daftari lako, kwa sababu ziara ya pili itaanzia hapo.

Juni, hadi kufunga mlango

Pointi zikishaingia, walimu hukaa kwenye deliberasio kuamua nani anapanda, nani anarudi kwa repeshaji (mtihani wa marudio) mwishoni mwa likizo, nani anadubla, yaani anarudia darasa. Njoo na daftari lako na sema unachokijua kuhusu mtoto: alihama katikati ya mwaka, alifiwa, alipanda kutoka asilimia 38 hadi 52. Lakini usibadilishe pointi zako kwa sababu mwenzako mwenye sauti kubwa anamtetea mpwa wake. Yanayosemwa chumbani humo yabaki humo, hasa kwa watoto ambao matokeo yao hayajasomwa.

Siku ya proklamasio vaa vizuri, na baada ya majina kusomwa baki darasani angalau saa moja, kwa maana wazazi wa waliofeli watakutafuta na ni heshima wakukute. Kabla ya kuondoka Julai, rudisha kwa orodha vitabu vya shule, rejista, funguo na kopi za mitihani, direktere asaini kwamba amepokea, nawe ubaki na nakala. Daftari lako la pointi na fishi peleka nyumbani, uziweke juu ya kabati. Septemba zitakuonyesha ni masomo gani yalikuchukua saa tatu wakati uliyapangia moja.